Nimepandisha mishahara kama sheria inavyotaka, mshindani wangu hajapandisha. Haki iko wapi?

Uzi na Sindano

Wakuu, heshima kwenu. Nina karakana ya ushonaji. Tunashona sare: za walinzi, za wauguzi, za wahudumu wa hoteli. Kabla ya kuwa na karakana nilikuwa fundi wa kuajiriwa, kwa hiyo siulizi swali hili kama mtu aliyezaliwa upande wa tajiri. Nimelipwa kwa kipande, nimekatwa hela ya sindano iliyovunjika, nimesubiri mshahara mpaka bosi auze mzigo.

Swali langu: kima cha chini cha mshahara kinamtendea haki nani? Kilipopandishwa mara ya mwisho nililipa kuanzia mwezi uleule, wala sikulalamika. Mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa nzima, mgongo umeinama, halafu akashindwa kulipa kodi ya chumba na kula mpaka mwisho wa mwezi, maana yake karakana yangu inaendeshwa kwa fedha yake na si yangu. Hilo naliamini kabisa.

Ila kuna mambo mawili yananinyima usingizi.

La kwanza ni zabuni. Taasisi moja tuliyoishonea sare kwa muda mrefu ilitangaza zabuni upya. Nikapiga hesabu: kitambaa, vifungo, zipu, uzi, umeme, pango, mishahara kwa kiwango kipya, michango ya hifadhi ya jamii, na faida kidogo. Kazi ikaenda kwa mwenzangu ambaye bei yake ya suruali moja iko chini ya gharama yangu kabla hata sijaweka faida. Kitambaa tunanunua kwa muuzaji mmoja. Zipu ni zilezile. Umeme tunalipia bei moja. Sasa amepunguza wapi? Najua alipopunguza, kwa sababu baadhi ya mafundi wake wamekuja kwangu kuomba kazi na wameniambia. Analipa kwa kipande, na bei ya kipande ameiweka chini kiasi kwamba hata fundi mwepesi, akishona bila kuinua kichwa, siku inaisha hajafikia kima cha chini. Kwenye makaratasi wanaitwa mafundi wa kujitegemea. Cherehani ni zake, kitambaa ni chake, saa ya kuingia anapanga yeye, na ukichelewa unakatwa. Huko kujitegemea kuko wapi?

La pili liko ndani ya karakana yangu. Nina fundi wa kola. Wanaoshona wanajua uzito wa kazi hiyo. Ncha mbili za kola lazima zilingane, kipande cha juu kikatwe kikubwa kidogo kuliko cha chini ili kola ilale vizuri shingoni, na ukiigeuza mshono usichungulie. Akikosea milimita chache shati zima linaonekana limepinda, na mteja hajui kwa nini halipendi. Sasa kima kilipopanda, kijana anayekata nyuzi na kufungasha alipanda hadi kiwango kipya. Fundi wa kola, ambaye tayari alikuwa juu ya kiwango hicho, sikuweza kumwongeza kiasi kilekile. Jioni moja akaja kwenye meza ya kukatia na hati mbili za mshahara, yake na ya yule kijana, ambaye alimpa mwenyewe. Akazilaza sambamba, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa kila moja. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Dada, miaka yangu yote iko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Nikimpandisha yeye, lazima nimpandishe na mkataji, na fundi wa ovaloki, na msimamizi. Sheria imetaja wa chini tu, lakini mishahara ya karakana nzima imeshikana.

Nawasikia wanaosema kima cha chini ni haki tupu, na wanaosema kinaua biashara. Sioni kama kuna upande unaojibu haya mawili. Wenye uzoefu, waajiri kwa wafanyakazi, nisaidieni. Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Zamu

Dada, hongera kwa kulipa, maana wengi hawalipi. Mimi niko upande wa kupokea. Nafanya kazi ghalani, kupakua na kupanga mizigo.

Kwetu kiwango kwa saa kilipopanda tulishangilia. Baadaye saa zikaanza kupungua. Zamu ya saa nane ikawa ya saa tano. Unafika getini alfajiri, msimamizi anaangalia magari yaliyoingia, anahesabu watu anaowataka, waliobaki wanaambiwa warudi nyumbani. Nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Na sisi tuliobaki ndani tunapakua mzigo uleule wa jana tukiwa wachache. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kima cha chini kimenisaidia, namwuliza kwanza: kwa saa ngapi? Sheria inayotaja kiwango cha saa bila kugusa idadi ya saa imempa mwajiri mlango wa nyuma.

Ongeza makato. Buti unakatwa, glavu unakatwa, mzigo ukidondoka unakatwa. Kwenye karatasi umelipwa kima cha chini, mkononi hukioni.

Pamoja na hayo yote, sitaki turudi kule ambako hakuna kiwango. Zamani kila mtu alipatana peke yake, na getini siku zote alikuwepo mwenye shida kuliko wewe, aliyekubali pungufu. Siwalaumu, mtu mwenye watoto nyumbani hana nguvu ya kukataa. Ile kauli ya "kazi mbaya si mchezo mwema" waajiri wetu walikuwa wanatuambia usoni kila tukidai. Kiwango kilichowekwa na sheria kilifanya jambo moja kubwa: hakuna tena wa kunishusha kwa shida yake, wala mimi kumshusha mwingine kwa shida yangu.

Huyo fundi wa kola, tafadhali usimpoteze.

Mpiga Hesabu

Nimeshika vitabu vya hesabu vya biashara ndogo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, naomba nichangie.

Kwanza uzito wenyewe wa mshahara. Tuseme katika kila 100 unayotumia kushona suruali, 60 ni kitambaa na vifaa, 25 ni mishahara, 15 ni pango, umeme na mengine. Mishahara yote ikipanda kwa asilimia 20, ile 25 inakuwa 30. Gharama nzima imepanda kwa 5 katika 100. Inauma lakini inabebeka, kama washindani wako nao wamebeba. Sasa chukua kampuni ya usafi au ya ulinzi, ambako mishahara inaweza kuwa 80 katika 100. Asilimia 20 hiyohiyo inamwongezea 16. Sheria ni moja, uzito ni tofauti kabisa. Ndiyo maana waajiri wawili wanaweza kubishana usiku kucha na wote wakawa wanasema kweli.

Pili, kama kima cha chini kinaua ajira. Zamani wanauchumi wengi walikuwa wanajibu "ndiyo" bila kufikiri mara mbili. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku Pennsylvania jirani ikibaki palepale. Wanauchumi David Card na Alan Krueger wakafuatilia migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, na matokeo yao yaliyotoka 1994 hayakuonyesha ajira kupungua New Jersey. Walipingwa sana, na David Neumark na William Wascher walileta takwimu za malipo zilizoonyesha vingine. Ubishi haujaisha, lakini lile jibu la haraka limekufa. Card alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, na kazi ya namna hii ni sehemu ya sababu.

Inawezekanaje mshahara upande na watu wasifukuzwe? Mwanauchumi Joan Robinson alieleza mwaka 1933. Pale ambapo waajiri ni wachache na mfanyakazi hana kwa kwenda, mwajiri anaweza kumlipa chini ya thamani anayozalisha. Kima cha chini hapo kinakula ile ziada, hakigusi kazi yenyewe. Kijana wa Zamu ametueleza geti hilohilo bila kutumia nadharia.

Lakini dada, wewe ni mshonaji, kwa hiyo nikupe na mfano wa upande wa pili. Marekani ilipoweka kima cha taifa cha senti 25 kwa saa mwaka 1938, sheria ilifika hadi Puerto Rico, ambako wanawake wengi walikuwa wakidarizi na kushona majumbani kwa senti chache tu kwa saa. Kazi nyingi za sindano zilipotea, na mwaka 1940 Bunge la Marekani likalazimika kuruhusu viwango tofauti kwa kisiwa hicho. Kwa hiyo swali lenye maana ni kima kiko wapi ukilinganisha na mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake na nusu pungufu. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa 2022, unataja asilimia 60 ya mshahara huo kama kipimo cha kuangalia. Ukiweka karibu na mshahara wa katikati kabisa unavunja biashara. Ukiacha kima bila kukigusa, bei zinakila. Kima cha taifa cha Marekani ni dola 7.25 tangu 2009, na tangu hapo kila mwaka kinanunua pungufu.

Na Ujerumani, ilipoweka kima cha kwanza cha taifa mwaka 2015, euro 8.50 kwa saa, watafiti waliona ajira haikuporomoka, ila wafanyakazi wa kipato cha chini walihama kwenda kwenye kampuni kubwa na zenye tija zaidi. Mwenye karakana ndogo na atafakari hilo. Usipopanga ngazi za mishahara, fundi wako wa kola ndiye wa kwanza kuhama.

Ushauri wangu kumhusu yeye: tafuta alikuwa anapata mara ngapi ya kima cha zamani. Kama ilikuwa mara moja na nusu, andika kwamba utaurudisha uwiano huo kwa awamu, umwonyeshe na tarehe. Mtu anavumilia awamu akiziona kwenye karatasi.

Seremala wa Kona

Naona wote mnaunga mkono, ngoja niseme la upande wangu. Mimi nachukua vijana wasiojua hata kushika randa. Miezi ya mwanzo kijana anaharibu mbao kuliko anavyotengeneza. Fundi wangu bora anaacha kazi yake kumwelekeza. Sheria inanitaka nimlipe kijana huyo sawa na mtu anayejua kazi. Matokeo yake sichukui tena wanaojifunza. Mnaona hiyo ni haki kwa kijana? Ujuzi atautoa wapi?

Sipingi kiwango kwa anayejua kazi. Napinga kiwango kimoja kwa kila aliyevuka mlango wangu.

Uzi na Sindano

Ndugu Seremala, nimekuelewa, na najua unachosema kuhusu fundi kuacha kazi yake kuelekeza. Ila mimi nilikuwa "mwanafunzi" wa cherehani kwa muda mrefu sana baada ya kuwa nashona suruali nzima peke yangu. Kila nikiuliza naambiwa bado unajifunza. Nguo zangu zilikuwa zinauzwa bei ileile na za mafundi. Kama kuna kiwango cha mwanafunzi, basi kiwe na mwisho unaojulikana, na mwanafunzi afundishwe kweli, siyo kufagia na kukata nyuzi mwaka mzima.

Mpiga Hesabu, nashukuru. Hesabu ya 5 katika 100 imenisaidia kwa sababu ndiyo hasa nilivyoona kwenye vitabu vyangu. Mteja angelipa nyongeza hiyo bila ugomvi kama kungekuwa hakuna wa kumwuzia pungufu. Kinachonivunja ni yule asiyelipa.

Mkongwe wa Chama

Binti yangu, nimekuwa kwenye chama cha wafanyakazi tangu ujana na nimekaa meza moja na waajiri wa kila aina. Swali lako la zabuni ndilo swali la zamani kuliko yote katika jambo hili, na kima cha chini kilizaliwa humo.

Jimbo la Victoria, Australia, lilipounda bodi za mishahara mwaka 1896, kazi za mwanzo kuguswa zilikuwa pamoja na ushonaji wa nguo, kwa sababu washonaji wa majumbani walikuwa wanalipwa malipo ya kukondesha. Uingereza ilifuata 1909, na ushonaji ukawamo tena, pamoja na utengenezaji wa minyororo. Winston Churchill, aliyepeleka muswada huo bungeni akiwa waziri wa biashara, alitoa hoja ambayo wewe umeiandika upya bila kujua: pasipo kiwango, mwajiri mwema hushushwa bei na mwajiri mbaya, naye mbaya hushushwa na mbaya zaidi. Kwa hiyo usikubali anayekuambia kima cha chini ni silaha ya wafanyakazi dhidi ya waajiri. Tangu mwanzo kilikusudiwa kumlinda na mwajiri wa aina yako.

Ila sheria haijitekelezi. Mwaka 1910 wanawake waliofua minyororo huko Cradley Heath, Uingereza, katika vibanda vidogo nyuma ya nyumba zao, waliwekewa kiwango cha peni mbili na nusu kwa saa. Waajiri wengi wakawaletea karatasi za kutia saini kwamba wanakubali kuendelea na malipo ya zamani. Baadhi yao hawakujua kusoma. Wakagoma wiki kumi, wakiongozwa na Mary Macarthur wa chama cha wafanyakazi wanawake, hadi waajiri wote wakakubali kulipa. Hizo karatasi za "fundi wa kujitegemea" alizowasainisha mwenzako ni zilezile.

Sasa la kufanya. Kuhusu hao mafundi, Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 198 mwaka 2006 kuhusu jinsi ya kumtambua mwajiriwa: nani anatoa maelekezo, zana ni za nani, saa anapanga nani, anamfanyia kazi mtu mmoja au wengi. Jina lililoandikwa kwenye mkataba halitoshi. Maelezo uliyotoa yanawafanya kuwa waajiriwa.

Kuhusu zabuni, shirika hilohilo lina Mkataba namba 94 wa mwaka 1949, unaohusu mikataba ya serikali. Unataka zabuni ya fedha za umma iwe na kifungu kinachomlazimisha mshindi kulipa mishahara isiyo pungufu ya ile inayolipwa kwa kazi ya aina hiyo mahali hapo, na kifungu hicho kimguse hata mkandarasi mdogo anayepewa sehemu ya kazi. Si kila nchi imeridhia, lakini hakuna kinachoizuia taasisi kuweka kifungu hicho kwa hiari yake.

Na fundi wako wa kola: kima cha taifa peke yake hakitamfikia kamwe, kwa sababu hakikuwekwa kwa ajili yake. Kinachomfikia ni mkataba wa sekta. Denmark na Sweden hazina kabisa kima cha chini kilichowekwa na sheria. Viwango vinatokana na majadiliano kati ya vyama vya wafanyakazi na vyama vya waajiri, kazi kwa kazi, na mwenye ujuzi anaweza kuwekewa kiwango cha juu zaidi katika mkataba uleule. Wenye karakana za sare mkikaa pamoja mkapatana bei ya ngazi ya kola na mafundi wenyewe wakiwa mezani, hutamlipa peke yako huku wengine wakikupita.

Ndugu Seremala, kiwango cha mwanafunzi au cha kijana anayeanza kazi kipo katika nchi kadhaa. Marekani inaruhusu dola 4.25 kwa wenye umri chini ya miaka 20, kwa siku 90 za mwanzo tu. Kinachofanya kiwe cha haki ni hizo siku 90. Bila ukomo, utaona karakana zimejaa wanafunzi wenye mvi.

Uzi na Sindano

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma ulichoandika mara kadhaa.

Hapa ndipo nimefika. Kima cha chini ni haki kwangu mwajiri pale tu kinapomshika na mwenzangu, na nitasimama kukitetea hata kikiwa kinanibana, kwa sababu bila hicho ningelazimika kuwalipa mafundi wangu kama nilivyolipwa mimi ili nibaki kwenye soko. Hilo sitalifanya. Bora nifunge. Lakini wakubwa wanaopandisha kiwango, wakatangaza, halafu hakuna mkaguzi anayefungua daftari la malipo ya yule mwingine, wanaweka mzigo wote kwa waaminifu.

Hati za mshahara nimezitazama upya na fundi wa kola. Nimemwandikia awamu, na nimeandika na za mkataji na wa ovaloki, zimebandikwa ukutani kila mtu anaona. Mteja wa hoteli nimemweleza wazi kwamba bei imepanda na sababu ni mishahara. Amekubali. Kwa ile taasisi naandika barua kabla ya zabuni ijayo. Je, kifungu chenyewe kiandikweje ili wasikiweke kabatini?

Mkongwe wa Chama

Marahaba, binti yangu. Kiandike kifupi, kiwe na mambo ambayo mtu wa manunuzi anaweza kuyakagua bila kuwa mwanasheria. Mzabuni aonyeshe kwenye bei yake kiasi cha mishahara kwa kila nguo na muda wa kuishona, maana hapo bei ya kipande isiyofikia kima cha chini inajionyesha yenyewe. Malipo ya kila awamu yatolewe baada ya kuona orodha ya malipo ya mishahara iliyosainiwa na mafundi. Na taasisi iwe na haki ya kuzuia fedha na kuwalipa mafundi moja kwa moja ikigundulika wamepunjwa. Hilo la mwisho ndilo watakalolipinga zaidi, usiliondoe. Peleka barua ukiwa na washonaji wengine wanaolipa kihalali, msiwe chini ya watatu, ili isionekane ni malalamiko ya aliyekosa zabuni.